Namna ya kuikagua kalkuleta kabla ya kugawa pesa za kikundi

Desemba ikikaribia, vikundi vingi vya kuweka na kukopa Moshi na vijiji vyake huvunja mzunguko. Wageni wanaanza kupanda kutoka Dar, ada za Januari ziko mlangoni, na kila mwanachama anataka mgao wake mkononi kabla ya sikukuu. Mweka hazina anaketi na daftari, simu, labda na kompyuta ya kuazima, anapiga hesabu ya kila mtu, kisha jumla inakataa kulingana na fedha iliyomo kwenye sanduku. Imezidi 200, au imepungua 2. Minong'ono inaanza.

Nimekaa na waweka hazina wa kutosha kujua kwamba tofauti ndogo za namna hiyo mara nyingi hazina mwizi ndani yake. Zinatoka kwenye mashine, au kwenye jinsi mashine ilivyoambiwa ifanye kazi. Mtu aliyechaguliwa kwa sababu ya uaminifu wake hastahili kutazamwa vibaya kwa ajili ya desimali, na ndiyo maana naandika haya. Ukiijua kalkuleta yako mapema, na mkikubaliana mapema jinsi ya kukata senti, tofauti itakuwa na maelezo kabla mtu hajauliza.

Unachohitaji ni karatasi, kalamu, na kalkuleta ileile utakayotumia siku ya mgao. Usipime ya mwenzako halafu ukatumia yako.

Hatua ya 1: Angalia kama inafuata MAGAZIJUTO

Bonyeza 2 + 3 × 4 kisha alama ya sawasawa. Ukipata 14, inafuata utaratibu tuliofundishwa shule ya msingi: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ukipata 20, inakwenda kutoka kushoto bila kusubiri. Imejumlisha 2 na 3 kwanza, ndipo ikazidisha.

Kalkuleta ndogo za mezani, zile za kuwekwa kaunta, nyingi hutoa 20. Za kwenye simu nyingi hutoa 14. Kalkuleta ya Windows hutoa majibu yote mawili: ikiwa kwenye hali ya kawaida utapata 20, ukiihamishia hali ya kisayansi utapata 14. Hakuna iliyoharibika hapo, ila ukibadilisha kifaa katikati ya hesabu bila kujua, umeharibu wewe.

Ubaya wake ni kwamba jibu lisilo sahihi linaweza kuonekana la kawaida kabisa. Chukua mfano wa mzigo sokoni Mbuyuni. Mteja amekupa 45,000, na nauli ya bodaboda ya 12,000 mmekubaliana kugawana nusu kwa nusu, nusu yako itoke kwenye fedha hiyo. Unabonyeza 45,000 − 12,000 ÷ 2. Jibu sahihi ni 39,000. Kalkuleta ya kaunta itakuambia 16,500, na 16,500 haina sura ya kosa.

Ukishajua yako ni ya aina gani, bandika kipande cha karatasi mgongoni na uandike 14 au 20. Ikiwa ni ya 20, fanya kuzidisha na kugawanya kwanza, andika jibu pembeni, halafu ndipo ujumlishe au utoe.

Hatua ya 2: Usikiamini kitufe cha asilimia hadi ukipime

Bonyeza 50,000 + 18 % kisha sawasawa. Kalkuleta nyingi zitasoma hiyo kama "ongeza asilimia 18 ya 50,000" na kukupa 59,000. Nyingine huchukua asilimia 18 kuwa 0.18 tu na kukupa 50,000.18. Tofauti hii ni ya watengenezaji, kila mmoja na uamuzi wake.

Ushauri wangu ni kukiacha kitufe hicho kabisa. Kuongeza asilimia 18, zidisha kwa 1.18. Riba ya asilimia 3 kwa mwezi, zidisha kwa 1.03. Kalkuleta zote duniani zinaelewa hivyo kwa namna moja.

Na hapa kuna kosa ambalo mashine haihusiki nalo lakini nalikuta kila mara kwenye maduka yanayotoza VAT. Bei yenye kodi ni 59,000, unataka kujua bei kabla ya kodi. Ukitoa asilimia 18 ya 59,000 unapata 48,380. Bei halisi ni 50,000, yaani 59,000 ÷ 1.18. Umejipunguzia 1,620 kwenye bidhaa moja, kwa sababu asilimia 18 ya namba kubwa ni kubwa kuliko asilimia 18 ya namba ndogo.

Hatua ya 3: Chungulia kilichofichwa nyuma ya kioo

Kalkuleta nyingi hushika namba ndefu kuliko ile zinayokuonyesha. Sehemu kubwa ya matatizo yaliyobaki katika mwongozo huu inatokana na jambo hilo moja.

Bonyeza 1 ÷ 3, sawasawa, kisha × 3, sawasawa. Ukipata 1, mashine ilikuwa inashika tarakimu za ziada usizoziona, au inatunza sehemu kama sehemu. Ukipata 0.9999999, inashika zile tu unazoziona, na kila ukigawanya kitu kisichogawanyika vizuri unaacha kipande njiani.

Sasa, kama ina kipeuo cha pili, tafuta kipeuo cha pili cha 4, kisha toa 2. Jibu ni sifuri, hata mtoto wa darasa la sita anajua. Lakini kalkuleta ya Windows kwa miaka mingi ilitoa namba ndogo mno yenye alama ya hasi. Ilikuwa inatafuta kipeuo kwa kukisogelea hatua kwa hatua, ikafika karibu sana na 2 bila kuigusa. Kwenye kioo iliandika 2 safi. Ulipotoa 2, yale mabaki yaliyokuwa yamefichwa yakabaki peke yake, yakaonekana. Microsoft walirekebisha hilo mwaka 2018 kwenye matoleo ya Windows 10. Na lilikuwa na mtangulizi: kalkuleta ya Windows 3.1, iliyotoka 1992, ukitoa 2 kwenye 2.01 ilionyesha 0.00 badala ya 0.01.

Kwa nini mashine yenye nguvu kiasi hiki ishindwe na namba ndogo? Kompyuta huhifadhi namba kwa sifuri na moja tu. Kama vile sisi, tunaotumia tarakimu kumi, tusivyoweza kuandika theluthi moja kwa desimali bila kuendelea na 0.3333 milele, kompyuta nayo haiwezi kuandika 0.1 kwa sifuri na moja bila kuendelea milele. Inabidi ikate mahali. Kiwango kinachofuatwa na karibu kompyuta zote kinaitwa IEEE 754, kilipitishwa 1985, na mchango mkubwa katika kukiandaa ulikuwa wa William Kahan wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliyetunukiwa Tuzo ya Turing, tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta, mwaka 1989. Kwa kiwango hicho, namba ya kawaida ya desimali inashika tarakimu 15 hadi 17 hivi, basi. Ndiyo sababu lugha nyingi za programu zikiulizwa 0.1 + 0.2 hujibu 0.30000000000000004.

Ipo njia nyingine. Kalkuleta ya Google iliyomo kwenye simu nyingi za Android ilijengwa upya na mhandisi Hans Boehm ili ishike namba kwa usahihi wa kadiri yoyote utakayoitaka. Haihifadhi jibu lililokatwa. Inahifadhi njia ya kulipata, na ukitelezesha kidole kuelekea kushoto inaendelea kukuletea tarakimu. Ipime: andika 1 yenye sifuri 20 nyuma yake, ongeza 1, kisha toa ile 1 yenye sifuri 20. Jibu la kweli ni 1. Kalkuleta inayokata itakupa 0, kwa sababu ile 1 ndogo ilimezwa na namba kubwa. Ikikataa kupokea sifuri zote, usiione mbaya. Kalkuleta inayokataa ni salama kuliko inayokubali halafu ikadanganya.

Hatua ya 4: Bonyeza haraka

Andika 1 + 2 + 3 kwa kasi ya mtu wa kaunta Jumamosi. Jibu ni 6. Mwaka 2017, iPhone zilizokuwa zimewekewa mfumo wa iOS 11 zilitoa 24 kwa watu wengi waliobonyeza haraka. Kitufe kilikuwa na madoido ya kung'aa kinapoguswa, na kabla madoido hayajaisha mguso uliofuata ulipotea. Alama ya pili ya kujumlisha ilimezwa, ikabaki 1 + 23. Apple waliondoa tatizo kwenye sasisho la iOS 11.2.

Simu ya bei nafuu iliyojaa picha na video inaweza kufanya vivyo hivyo kwa uzito wake tu. Tumia kalkuleta inayoonyesha mstari mzima ulioandika, na usome mstari kabla ya kusoma jibu.

Kuna wakati kosa linakaa chini zaidi ya programu, kwenye chipu yenyewe. Mwaka 1994 profesa wa hisabati wa Virginia, Marekani, Thomas Nicely, aligundua kwamba kompyuta yake yenye chipu ya Pentium inagawanya vibaya. Mfano uliopata umaarufu ni 4,195,835 ÷ 3,145,727: jibu ni 1.333820449, chipu ikasema 1.333739068. Jedwali la kugawanyia lililomo ndani ya chipu lilikosa namba tano. Intel walitenga dola milioni 475 kugharamia ubadilishaji. Hutaikuta chipu hiyo mezani kwako leo, lakini nalitaja kwa sababu mtu akikuambia "kompyuta haikosei", ni vizuri uwe na la kumjibu.

Hatua ya 5: Excel, kile unachokiona na kile kilichomo

Waweka hazina wengi wa Moshi na Arusha ninaowafahamu wamehamia Excel au Google Sheets, programu za kupigia hesabu kwenye majedwali, na hilo nalifurahia. Ila hapa ndipo nimeona ugomvi mkubwa kuliko kwenye daftari.

Fungua karatasi mpya. Kwenye A1, A2 na A3, yaani visanduku (seli) vitatu vya kwanza vya safu A, andika =10000/3. Kwenye A4 andika =SUM(A1:A3). Sasa chagua seli zote nne na ubonyeze kile kitufe chenye sifuri na mshale, cha kupunguza desimali, hadi desimali ziishe. Utaona 3,333 mara tatu, na chini yake 10,000. Mchapishie mwanachama karatasi hiyo, naye akachukua kalamu akajumlisha: 9,999. Kila mmoja yuko sahihi. Mwanachama amejumlisha alichokiona, Excel imejumlisha ilichonacho, yaani 3333.333 na kuendelea. Kile kitufe kinabadilisha sura tu, namba haiguswi.

Dawa ni kukata namba yenyewe. Badilisha A1 hadi A3 ziwe =ROUND(10000/3,0). Jumla sasa itakuwa 9,999, na ile shilingi moja iliyobaki imetoka mafichoni. Unaweza kuiona na kuiamulia.

Fomula hizo zina ndugu zake. ROUND(A1,-2) inakadiria kwenye mia iliyo karibu, ROUNDDOWN(A1,-2) inashusha kwenye mia ya chini, ROUNDUP inapandisha. Alama ya kutoa mbele ya 2 ndiyo inayoipeleka upande wa mamia. Ukiisahau utapata desimali mbili.

Jaribio la pili ni hili: andika =1*(0.5-0.4-0.1) kwenye seli tupu. Ilipaswa kuwa sifuri. Excel itaandika -2.78E-17. Hiyo E-17 maana yake ni desimali inayoanza baada ya sifuri nyingi, kiasi ambacho hakiwezi kununua chochote. Haina madhara, hadi pale unapoweka fomula ya kulinganisha, ya aina ya "kama makusanyo yanalingana na sanduku, andika SAWA". Fomula itaona kitu kidogo kuliko vumbi na kuandika SI SAWA, na utapoteza jioni nzima ukitafuta pesa isiyopotea. Badala ya kuuliza kama B1 ni sawa na C1, uliza kama =ROUND(B1-C1,2) ni sifuri.

Excel nayo imewahi kuwa na hitilafu yake halisi. Toleo la 2007 lilipoulizwa =850*77.1 liliandika 100,000. Jibu ni 65,535. Namba iliyoshikwa ndani ilikuwa sahihi, kilichokosea ni sehemu ya programu inayoichora namba kwenye kioo, na Microsoft walitoa marekebisho mwaka uleule. Ukikuta kompyuta yenye Excel 2007 ambayo haijawahi kusasishwa, anza na hesabu hiyo.

Namba za NIDA na za LUKU. Hili nalisisitiza kwa sababu likiharibika halirudi. Excel inashika tarakimu 15 tu za namba. Namba ya kitambulisho cha NIDA ina tarakimu 20, na tokeni ya LUKU nayo ina 20. Ukiziandika bila vistari kwenye seli ya kawaida, Excel inazichukua kama kiasi, inabakiza 15 za mwanzo na kugeuza tano za mwisho kuwa sifuri. Kwenye kioo utaona kitu kama 1.98E+19. Ukihifadhi faili, zile tano zimekwenda. Kubadilisha mpangilio wa seli baadaye hakuzirudishi. Kabla hujaanza kuandika, chagua safu nzima uifanye iwe ya maandishi, au tanguliza alama ya mkato wa juu (') kabla ya namba. Namba za simu zifanyie hivyohivyo, la sivyo ile 0 ya mwanzo inaondoka. Kama orodha imeshaharibika, usikisie: chukua vitambulisho uandike upya.

Hatua ya 6: Kata mara moja, mwisho, na mjue nani anachukua mabaki

Hapa ndipo fedha nyingi hupotelea, na hakuna kalkuleta ya kukuokoa, hata ile ya Android.

Anza na kahawa. Mkoa huu umekuwa ukigawana fedha za kahawa kwa kilo tangu enzi za KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kilichoanzishwa 1933, na hesabu ni ileile: fedha iliyopatikana, gawanya kwa kilo zilizokusanywa, zidisha kwa kilo za kila mkulima. Tuseme chama cha msingi kimepokea 315,000,000 kwa kilo 48,700. Bei kwa kilo ni 6,468.1724 na kuendelea. Namba hii haipendezi kwenye ubao wa matangazo, kwa hiyo mtu anaikadiria kabla ya kuendelea. Tazama kinachotokea:

Akiandika 6,468, chama kitalipa 314,991,600. Yatabaki 8,400.
Akiandika 6,460, chama kitalipa 314,602,000. Yatabaki 398,000, fedha ya wakulima isiyo na mwenyewe.
Akiandika 6,470 kwa sababu "inaelekea juu", atahitaji 315,089,000. Amepungukiwa 89,000 na wakulima wa mwisho kwenye foleni watakosa.

Shilingi mbili tu kwenye kilo moja. Lakini kilo ni 48,700, na kila kosa dogo linazidishwa mara hizo. Kwa hiyo usikate bei ya kilo. Kwenye kalkuleta, fanya kilo za mkulima × 315,000,000 ÷ 48,700, kwa mpangilio huo, kuzidisha kwanza na kugawanya mwisho. Kwenye Excel iache bei kwenye seli yake ikiwa na desimali zake zote. Kinachokatwa ni malipo ya mkulima, mara moja. Kwenye ubao andika 6,468.17 na ueleze kwamba malipo yamepigwa kwa bei kamili.

Soko la hisa la Vancouver, Kanada, lilijifunza hili kwa aibu. Mwaka 1982 walianzisha kipimo cha bei za hisa kikianzia 1,000. Kompyuta ilikihesabu upya maelfu ya mara kwa siku, na kila mara ilitupa desimali zote baada ya ile ya tatu badala ya kukadiria. Kila kukata kulishusha kidogo, na hakuna kulikopandisha. Novemba 1983 kipimo kilisoma 524.811. Kilipohesabiwa upya kwa usahihi kikawa 1098.892.

Sasa njoo kwenye kikundi kidogo, kwa sababu hapo kuna tatizo lingine ambalo kukata mwisho hakulimalizi. Wanachama watano wana hisa 8, 22, 23, 35 na 49, jumla 137. Faida ni 412,000. Kila hisa inapata 3,007.29927. Migao yao ni hii:

Hisa 8: 24,058.39
Hisa 22: 66,160.58
Hisa 23: 69,167.88
Hisa 35: 105,255.47
Hisa 49: 147,357.66

Jumlisha hizo kama zilivyoandikwa: 411,999.98. Senti mbili zimeshapotea kwa kuandika desimali mbili tu, na bado hatujafanya lolote.

Kikundi kimeamua kulipa kwa mamia kamili ili wasihangaike na chenji. Ukikadiria kila mgao kwenye mia iliyo karibu, wote watano wanapanda, kwa sababu kila mmoja amevuka 50: 24,100, 66,200, 69,200, 105,300 na 147,400. Jumla ni 412,200. Sanduku lina 412,000. Umefuata kanuni ya shule barabara, na umepungukiwa 200. Hii ndiyo ile 200 ya minongʼono.

Fanya hivi badala yake. Kwanza shusha kila mgao kwenye mia ya chini: 24,000, 66,100, 69,100, 105,200, 147,300. Jumla 411,700. Yamebaki 300, yaani mia tatu za kugawa moja moja. Kisha tazama nani amekatwa kingi zaidi. Mwenye hisa 23 amekatwa 67.88, mwenye 22 amekatwa 60.58, mwenye 8 amekatwa 58.39, mwenye 49 amekatwa 57.66, mwenye 35 amekatwa 55.47. Watatu wa kwanza wanapata mia moja kila mmoja. Malipo ya mwisho yanakuwa 24,100, 66,200, 69,200, 105,200 na 147,300. Jumlisha: 412,000 kamili.

Kwenye Excel hesabu hiyo ni safu tatu: mgao kamili, mgao ulioshushwa kwa ROUNDDOWN, na tofauti. Panga kwa tofauti, kubwa juu, halafu ongeza mia kuanzia juu hadi mabaki yaishe.

Yapo makundi yanayopendelea mabaki yaingie mfuko wa jamii, na hilo ni zuri pia. Kwa mfano wetu ni 300. Sipendi utaratibu wa "mabaki ya mweka hazina", hata kama ni madogo na hata kama wote wamekubali, kwa sababu unamweka mahali ambapo kila kukata kunamfaidisha yeye. Chochote mtakachochagua, kiandikwe kwenye muhtasari wa kikao kabla ya hesabu kupigwa. Mkiamua baada ya kuona namba, kila pendekezo litakuwa na anayepata na anayekosa, na wote watajua ni nani. Pia andikeni mtafanya nini watu wawili wakilingana kwenye tofauti: mwenye hisa chache atangulie, au kura.

Hatua ya 7: Kama mnatengenezewa programu

Siku hizi kikundi kinampa kazi kijana aliyemaliza chuo Arusha, anawaandikia programu ya simu ya kutunza hisa na mikopo. Ni jambo jema. Muulize maswali machache kabla ya kumlipa.

Anahifadhi fedha kwa namna gani? Jibu zuri ni namba kamili za shilingi, au za senti kama mnazihitaji, bila desimali. Akisema anatumia namba za kawaida za desimali, mwambie aandike 0.1 + 0.2 mbele yako. Kwenye lugha ya programu ya JavaScript hata namba kamili zina kikomo: baada ya 9,007,199,254,740,992 zinaanza kurukwa, na hilo ndilo litakalozikuta namba za NIDA akizihifadhi kama kiasi badala ya maandishi.

Inakadiria nusu kwenda wapi? ROUND ya Excel inaipeleka 2.5 kwenye 3. Python, lugha nyingine ya programu, ikiulizwa round(2.5) inajibu 2, na round(3.5) inajibu 4, kwa sababu nusu inapelekwa kwenye namba shufwa iliyo karibu ili kupanda na kushuka kuwiane. Zote ni kanuni halali. Lakini programu yenu ikifuata moja na faili la Excel la katibu likafuata nyingine, mtagombana kwa shilingi moja moja kila mwezi, basi achague ileile ya Excel na aiandike kwenye maelezo ya programu.

Mwisho, mpe hisa 8, 22, 23, 35 na 49 na faida ya 412,000, alipe kwa mamia. Programu ikitoa jumla nyingine yoyote isiyokuwa 412,000, mrudishie akarekebishe kwanza.